Sahihi ya Thelathini na Mbili

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Himyar, mtoto wa Ngamiani, aliyefariki dunia Jumanne iliyopita akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Himyar alifundisha hesabu, masomo ya ziada, pale Usagara. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi mwenzangu katika shule ya bweni, upande wa Mwera, wilayani Pangani. Shule hiyo sitaitaja. Waliosoma pale wataitambua, na wao ndio ninaotaka wanisikilize kwa makini zaidi.

Himyar alizaliwa na ugonjwa wa nadra wa ngozi. Ngozi yake haikustahimili msuguano. Kola ya shati au kishikio cha ndoo kilitosha kumtoa malengelenge, na malengelenge yakipasuka yaliacha vidonda. Ugonjwa huo hauambukizi. Narudia, wasikilizaji wapendwa: ugonjwa huo hauambukizi. Hospitali iliandika hivyo, na mama yake, Bi Turkiya, aliikabidhi karatasi hiyo kwa mkuu wa shule siku ya kwanza ya kidato cha kwanza.

"Mkuu aliniambia, 'Mama, nenda kwa amani, hapa tunalea,'" anakumbuka Bi Turkiya. "Nikapanda basi, nikalala usingizi mpaka Tanga. Tangu nimzae sikuwa nimelala mchana."

Himyar alitaka jambo moja: amalize kidato cha nne akiishi bwenini kama wenzake. Katika shule ya msingi alikuwa ameketi peke yake, dawati la nyuma, miaka saba. Dada yake, Khuloud, anasema: "Likizo ya kwanza alinisimulia vitanda tu. Juu yangu yuko mtu, kushoto kwangu yuko mtu. Hata kukoroma kwao alikusifia."

Wa kushoto alikuwa Godlisten, mtoto wa kibarua wa shamba la mkonge kule Muheza. Kila asubuhi, kabla ya kengele, Godlisten alimpaka mafuta na kumfunga vidonda kwa kitambaa laini.

"Tulia, bwana. Leo nakufunga kama zawadi ya harusi."

"Funga polepole, wewe. Mimi si mzigo wa mkonge."

Alimfunga hivyo kwa miaka miwili, na hakuwahi kupata hata kipele kimoja.

Tulipoingia kidato cha tatu, bweni zima likaanza kujikuna. Usiku na mchana tulijikuna, na macho yakamgeukia Himyar.

Hapa, wasikilizaji wapendwa, sina budi kueleza desturi tuliyojivunia. Bweni letu halikupeleka ombi lolote ofisini mpaka kila mkaazi ametia sahihi. Likipungua jina moja, barua haipokelewi. Tuliita jambo hilo neno la bweni. Tulifundishwa kwamba huo ndio uungwana, nami niliamini hivyo kwa moyo wote.

Barua ikaandikwa. Iliomba Himyar ahamishiwe chumba kilicho nyuma ya stoo, kwa usalama wa wote. Tulikuwa wakaazi thelathini na wawili. Thelathini na mmoja wakatia sahihi. Jina langu lilikuwa la kumi na moja. Likabaki jina la Himyar mwenyewe, na aliyetumwa kumpelekea kalamu alikuwa Godlisten.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Niliyasikia haya.

"Himyar, ni karatasi tu. Imebaki sahihi yako."

Himyar akaisoma mpaka mwisho. "Na wewe umo?"

"Ni neno la bweni, bwana. Nifanyeje?"

"Unanifunga kila siku. Ni lini umeniambia unawashwa?"

Godlisten akamnyooshea kalamu. Mmoja wetu akasema kutoka nyuma, "Bwana, usitugawe."

Himyar akaizungushia kalamu kitambaa, maana ikiwa tupu ilimchubua vidole. Akatia sahihi. Akamrudishia Godlisten karatasi, akaanza kukunja shuka lake.

Mkuu wa shule, mwenye karatasi ya hospitali ndani ya kabati lake, aliipokea barua siku hiyohiyo. Alimpigia simu Bi Turkiya, akamwambia: "Mwenyewe ameridhia."

Wiki moja baadaye mganga wa zahanati alitukagua. Ulikuwa upele wa kawaida, wa magodoro machafu. Magodoro yakaanikwa, tukapakwa dawa, tukapona. Himyar hakurudishwa. Hakuna aliyeandika barua ya pili.

Kule nyuma ya stoo alijitekea maji na kujifunga vidonda kwa mkono mmoja, kwani tulikatazwa kwenda. Muhula ulipokwisha, mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba. Mama yake akaja kumchukua. Mtihani wa kidato cha nne aliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, akapata daraja la pili. Usagara alifundisha kwa mdomo, na wanafunzi wakamwandikia ubaoni. Saratani iliyoanzia kwenye vidonda vya siku nyingi ndiyo iliyomwondoa.

Sitadai kwamba alitusamehe. Nilimwuliza Khuloud. Akanijibu: "Bweni lenu hakulitaja tena. Mlipompigia simu aje kwenye sherehe za waliosoma pale, alikata."

Juzi, matangani, Godlisten alifika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimfunga?"

"Ndiye mimi."

"Basi ulijua kwamba hauambukizi."

"Nilijua, mama."

"Siku ile ulimwambia nani?"

Godlisten hakuwa na jina la kutaja. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani kando yake, na sikuwa nalo pia.

Bi Turkiya, Khuloud, na wanafunzi wa Himyar wa Usagara, poleni kwa msiba. Mwenyezi Mungu amrehemu na awape subira. Kwa niaba ya bweni lile sina utetezi wa kuleta.

Wakuu wa shule mnaonisikiliza, karatasi ya daktari isomeni kabla ya barua ya wanafunzi. Nanyi mlio mabwenini jioni hii, huenda yuko mwenzenu mwenye ngozi isiyofanana na zenu. Mtakapoletewa karatasi ya kumtoa, fikirini hesabu hii. Desturi yetu ilidai majina yote. Mmoja wetu angekataa, yeyote kati ya thelathini na mmoja, barua isingefika ofisini, na Himyar angelala usiku ule katika kitanda chake.