Mguu Niliouficha Chini ya Kitenge

Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Bwana, mwenye pumzi yangu! Nimetembea kutoka nyumbani mpaka hapa kanisani, na walionifuata nyuma ni mashahidi, sikusimama njiani hata mara moja. Miezi mitano iliyopita nilikuwa siwezi kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Mnanijua, mimi si mtu wa kuzungusha maneno, kwa hiyo naanza mwanzo.

Baada ya mavuno ya tumbaku nilifanyiwa upasuaji mjini Tabora, wakanitoa uvimbe kwenye kizazi. Upasuaji ulikwenda salama. Niliporudi, wifi yangu Raheli alihamia kwangu kuniuguza. Alinipenda kupita kiasi! Uji kitandani, kupanguswa kitandani, hata kukaa barazani alinikatalia akisema mshono utaachia. Hospitali walikuwa wameniambia nitembee kidogo kidogo kila siku. Sisi tukajifanya tunajua zaidi yao. Nikalala wiki tatu.

Mwisho wa wiki ya tatu shavu la mguu wa kushoto likaanza kuuma, likavimba, ngozi ikawa ya moto. Na hapa ndipo nilipokosea, ndugu zangu. Nikauficha. Nilifunga kitenge kirefu mpaka vidoleni, Raheli mwenyewe hakuuona.

Nitawaambia kwa nini. Huku kwetu mguu ukivimba bila kidonda, watu hawaulizi unaumwa nini, wanauliza umekanyaga dawa ya nani. Na msimu ule nilikuwa nimekorofishana na jirani yangu Bibi Kabula kwa mpaka wa shamba la karanga. Tulirushiana maneno mbele za watu, na mwenye sauti kubwa zaidi nilikuwa mimi. Bibi yule ni mjane, na macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Mnajua macho ya namna hiyo yanavyosemwa, kwamba ni ya mchawi. Niliogopa kwamba nikitaja mguu, wiki haitaisha kabla ya watu kumfuata nyumbani kwake. Nikanyamaza, nikajiambia utapoa wenyewe.

Siku chache baadaye niliinuka kwenda msalani, pumzi ikakatika. Kifua kikachoma upande wa kulia, moyo ukaenda mbio, nikakaa chini palepale. Zahanati nilisema kifua tu. Wakaniuliza kazi yangu, nikajibu tumbaku, basi ikawa pumu ya vumbi la tumbaku. Siwalaumu, maana msimu wa kuchambua majani nusu ya kijiji inakohoa. Nikapewa dawa ya kuvuta kwa mdomo, haikusaidia. Kituo cha afya wakasema nimonia, nikachomwa sindano siku tano. Nikakohoa damu kidogo, wakapima makohozi, kifua kikuu hakuna. Kila aliyeniuliza kama kuna pengine panapouma nilimjibu hapana. Ninyi wenyewe mlikuja kuniombea, mkaniwekea mikono kifuani. Jamani, hata Mungu nilikuwa namwonyesha kifua tu!

Kijiji chetu kiko kando ya ile njia ya zamani ya misafara. Watu walipita hapa na mizigo mabegani, wakaenda kwa miguu mpaka pwani. Mimi kisima cha nyuma ya nyumba kilinishinda.

Jumatatu moja nilianguka jikoni. Mume wangu akatafuta gari, yeye na Raheli wakanifikisha mjini. Daktari aliyenipokea alikuwa binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniamkia shikamoo, akanibana kidude kwenye kidole, akanisikiliza mgongoni kwa muda mrefu. Akasema hewa mwilini imeshuka sana, lakini kifua hakilii kama cha mtu wa pumu, na picha ya eksirei niliyopigwa palepale haifanani na mateso yangu. Akauliza kama nimefanyiwa upasuaji karibuni. Nikakubali.

"Mama, naomba nione miguu yako yote miwili."

Nikashika kitenge kwa nguvu zote nilizobakiwa nazo. Daktari akaona namtazama Raheli, akamwomba atoke nje, akavuta pazia. Nikalia. Nikamwambia, "Nikiuonyesha huu mguu, kuna bibi atauawa kijijini kwetu."

Hakucheka wala hakunikemea. "Mimi sitafuti mchawi, mama. Natafuta damu imeganda wapi."

Nikafunua. Akapima miguu kwa utepe, wa kushoto ulizidi wa kulia. Nikawekewa hewa ya mtungi, mguu ukapigwa utrasaundi siku hiyohiyo, na kweli damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa. Akanieleza taratibu kwamba mtu akilala tu baada ya upasuaji damu inaweza kuganda mguuni, kisha kipande kikamegeka, kikapanda na kuziba mishipa ya mapafu. Alisema unaweza kudhani ni pumu, au nimonia, au hata moyo. Hawakusubiri kipimo kingine, wakaanza kunichoma sindano za tumboni za kuzuia damu isizidi kuganda. Baadaye kipimo kikubwa cha picha kule Mwanza kikaonyesha kweli mishipa ya mapafu imeziba. Sasa nameza vidonge kila siku, na sitaviacha mpaka waseme wao.

Lakini wodini Raheli aliuona mguu, na maneno yakafika kijijini kabla yangu. Niliporudi nikaambiwa Bibi Kabula hatoki nje, na mtu amerusha mawe kwenye bati la nyumba yake. Wapo walionishauri leo nishuhudie kifua peke yake, nimshukuru Mungu, nikae. Nimekataa!

Huu hapa mguu. Utazameni. Ulivimba kwa sababu nililala wiki tatu nilipoambiwa nitembee. Hakuna aliyeutegea dawa. Mwenye kosa ni mimi, na Bwana ameniponya licha ya ukaidi wangu, kwa mikono ya yule binti. Mtumainini, ndugu zangu, hata kwa lile mnaloona aibu kulitaja, na mkifika kwa daktari msimfiche kitu.

Bibi Kabula, nakuona leo umetoka, umekaa karibu na mlango. Shikamoo. Mpaka wa shamba bado tutabishana, lakini leo njoo ukae hapa mbele, kiti cha pembeni yangu. Na anayetaka kukurushia jiwe aanze na mimi.