Mabuti Niliyovaa Kiwanjani

Baba yenu ndiye aliyenihadithia kwanza habari za kile kiwanja cha ndege, wiki aliyonioa, kwamba kilikuwa malisho ya ng'ombe, rafiki yake Rubani akakinunua, wakang'oa visiki wao wawili mwaka mzima, wakapanda nyasi. Sikilizeni wanangu, maana yaliyobaki hakuna aliyewahi kuwahadithia, na pumzi zangu naziona zinakwenda.

Nyumba hii ni ya Kitinda Mimba, yeye ndiye aliyenivumilia. Mashine ya kukatia nyasi iuzeni kama chuma chakavu, haina pa kukata tena. Mmeona wenyewe, pale zilipotua ndege wamemwaga kokoto, wanajenga maghala. Hayo yameisha. Wewe Kifungua Mimba, sogea. Sogea baba, usikae mlangoni kama mgeni.

Mnajua kazi ya baba yenu ilikuwa kukata nyasi na kukagua. Kila asubuhi, kabla ndege haijatua, alitembea kiwanja chote, kwenda na kurudi, peku. Peku kwa sababu fuko akichimba chini, nyasi za juu zinabaki zimesimama vilevile, jicho halioni kitu, ila unyayo unasikia ardhi inabonyea. Akimaliza anapandisha kitambaa cheupe mlingotini, na Rubani akikiona toka juu anajua ni salama.

Asubuhi ile baba yenu alikuwa na homa, kusimama hawezi. Nikamwambia lala, nitakwenda mimi, na nilishakwenda mara nyingi tu. Lakini wiki ile Rubani alikuwa ameniletea mabuti ya mpira, akanitania, "Shemeji, hata ng'ombe ana kwato, wewe utakanyaga umande mpaka lini?" Nami niliyapenda, wanangu. Umande ulikuwa baridi. Nikayavaa. Nikatembea kiwanja chote, sikuruka hata hatua, Mungu shahidi yangu, ila miguu yangu haikusikia kitu. Nikapandisha kitambaa.

Gurudumu la mbele likazama. Ndege ikabinuka, mimi natazama. Rubani walimtoa hai, ila miguu yake haikumbeba tena, na kiwanja kikafungwa. Walipokuja kuuliza nani alikagua, baba yenu akajikokota na homa yake akasema, "Mimi." Nikafungua kinywa, akaniwahi, "Nyamaza mama watoto, una mtoto kifuani. Yakitulia tutasema." Mtoto mwenyewe huyu Kitinda Mimba. Watu wakamwona anapepesuka, macho mekundu, wakasema kalewa. Yeye ambaye pombe hajui hata ladha yake.

Yakatulia. Sikusema. Ikawa kesho, ikawa mwakani.

Wewe mkubwa, siku uliyorudi shuleni shati limechanika, wamekuita mtoto wa mlevi, ulisimama mbele ya baba yako hapahapa ukamwambia, "Umemlemaza mtu, na sisi umetulemaza." Alinitazama mimi, mara moja tu. Nilikuwa naosha sufuria. Nikaendelea kuosha. Ulipokua ukaondoka, hata kumzika hukuja, wala sikukulaumu, ningekulaumu kwa kinywa gani?

Usinishike mkono. Acha nimalize.

Kesho nenda kwa binti wa marehemu Rubani, yule mwenye duka la dawa, umwambie aliyekagua ni mama. Usinisitiri. Kisha nenda kwa baba yako, ukakae naye pale kaburini. Sijui kama anasikia. Miaka minne nimemwambia yote haya, sijapata hata dalili. Mimi nizikeni popote, ila si ubavuni mwake. Nililala ubavuni mwake miaka yote ile na nikamwacha peke yake.

Mungu awalinde, wanangu. Awape... awape vinywa vyepesi kuliko changu. Msigombane. Kitinda Mimba, maji... hapana, rudisha, hayapiti.

Nendeni mkalale sasa. Mkubwa, kitanda cha chumba cha nyuma kimetandikwa, kile alichofia baba yako. Kalale hapo. Mlango... uache wazi kidogo.