Bwana Aliniokoa na Hesabu za Ndugu Kalisto

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa karibu na mlango!

Mnanijua. Mimi ndiye Masanja asiyetulia. Nimeishi Malampaka kwa sababu tu nilipenda mlio wa garimoshi, nikahamia Mwanhuzi, na kila nilikokwenda niliililia Bariadi, kwetu. Niliporudi, kumbe mtego ulikuwa unaningoja, umevaa miwani!

Ndugu Kalisto, kijana wa Chuo Kikuu, alikuja kutafiti pamba ya mashamba ya ujamaa. Akasikia kuwa nilisoma takwimu sekondari. "Kaka, nisaidie kutafuta wastani. Ni kazi ndogo." Nikakubali bila kuuliza neno!

Wastani ukazaa majedwali, majedwali yakazaa michoro. Kijiji kimoja alipima kwa debe, kingine kwa gunia, akataka nivipatanishe kama mke na mume waliogombana. Mke wangu alipalilia peke yake, mimi nachora. Kisha ikaonekana kwamba katika kijiji cha Mwamapalala, pamba iliyopandwa kwa mistari ilitoa kidogo kuliko ile ya mbegu za kumwaga ovyo.

"Iondoe Mwamapalala," akasema Kalisto. "Msimamizi wangu hataipenda."

"Nitaiondoaje? Ipo, nimelala huko!"

"Basi kwenye mkutano wa kijiji nitasema hesabu ni zako."

"Na wakipiga makofi?"

"Hapo utafiti ni wangu."

Fikirini, ndugu zangu! Kijiji kizima kingesema Masanja amerudi kutoka matembezini na uongo. Nikalia, "Bwana, nitoe hapa!"

Bwana akajibu kwa majembe. Asubuhi kikundi cha bugobogobo, wale wanaolima kwa ngoma, kilifika kwa jirani yangu. Hakuna aliyeinua jembe. Kiongozi wao wa nyimbo akamuuliza kwanza mama huyo mwenye shamba, "Mayu, tunakomea wapi?"

"Kwenye ule mkonge."

"Na chakula?"

"Ugali na mbuzi."

"Mbuzi mwenyewe, mayu, au harufu yake?"

Wakacheka, wakalima. Walipofika kwenye mkonge, akawaimba wote kwa majina, hata aliyebeba maji. Roho akanigusa!

Nikakimbia kwa Kalisto. "Ndugu, shamba lako linakomea wapi?" Tukapatana: hesabu nizifanye na kuzieleza mimi, pamba aieleze yeye. Matokeo yabaki yalivyo. Na jina langu lisomwe.

Mkutanoni mzee mmoja akasimama. "Mwanangu, mbuzi walioingia kwenye mistari ile ya Mwamapalala wakala pamba, uliwaandika?"

Kalisto akanitazama. Mimi nikatazama paa.

"Hapana, baba," akasema. "Kosa ni langu, si la Ndugu Masanja aliyenifanyia hesabu."

Makofi! Mke wangu akapiga kigelegele. Kumbe muda wote alidhani nachora ramani ya safari nyingine!

Namshukuru Mungu, ndugu zangu. Wewe uliyebebeshwa kazi isiyo na mwisho, usione haya kuuliza. Mtegemee Bwana, atakupa kinywa. Njoo kwake leo, kabla hujasema ndiyo!