Meseji Aliyoifuta Latsouk

Kwenye kona ya mtaa wa reli, mjini Thiès, Mama Sokhna huuza kahawa ya Touba, ile yenye pilipili inayokupigisha chafya kabla hujasalimia watu. Mbele ya meza yake pana benchi, na ubavuni pana kibanda cha Malick, fundi simu. Mtaa mzima humwita Bingwa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kujiita hivyo. Shule aliiacha darasa la sita, na husema iliyopata hasara ni shule. Ijumaa hiyo asubuhi alikuwa ameshika simu ya Latsouk, mwashi, anaibonyeza mpaka jasho linamtoka. Jana jioni Latsouk alimtumia shemeji yake aliyeko Kaolack pesa za kliniki, ili Kadi, mke wa Latsouk aliyekwenda kujifungulia huko kwao, apasuliwe mtoto atoke. Kwenye simu yake pesa zimetoka. Kwa shemeji hazijafika. Na kliniki hawagusi mtu kabla ya malipo.

— Bado? — Latsouk akauliza.

— Tulia, kaka. Simu hii nimeshaifufua mara ngapi mimi?

— Sijakuuliza simu. Nimekuuliza meseji.

Meseji hiyo ndiyo iliyokuwa na namba ya muamala. Kule ofisini kwa kampuni ya kutuma pesa walimwambia neno moja tu: lete meseji. Na Latsouk alikuwa ameifuta palepale, kama watu wote wa benchi hili wanavyofuta, maana mtaani hapa simu huazimwa kama kiberiti. Binamu akiona umetuma pesa nzito, kesho yuko mlangoni na mkeka wake. Na huo ujanja wa kufuta waliufundishwa na nani? Na Bingwa, nani mwingine! Alikuwa akiutangaza kifua mbele: “Mwanaume haachi nyayo!”

— Mimi nawaambia pesa zimekwama baharini, — akasema Redio, mwendesha mkokoteni wa farasi, ambaye mdomo wake haujawahi kuzimwa. — Kuna waya umepita chini ya maji pale Dakar. Papa akiung'ata, kila kitu kinasimama.

— Papa gani anakula faranga, wewe? — Bingwa akamuuliza.

— Papa wa siku hizi!

— Acheni upuuzi, — akasema Mzee Gavana, karani mstaafu wa reli. — Pesa wanazilaza makusudi. Zinakwenda Paris, zinalala huko, zinazaa. Asubuhi wanaturudishia mama, watoto wanabaki nao.

— Basi za Latsouk zimepata uzazi mgumu, — Bingwa akadakia.

Redio akaanza kucheka, akaacha katikati. Latsouk alikuwa akimtazama Bingwa bila kupepesa.

— Ulimi umeteleza, kaka. Nisamehe.

— Wewe bonyeza.

Akabonyeza. Moyoni alijua tangu alipoishika hiyo simu kwamba meseji imekwenda na hairudi. Lakini Bingwa aseme “siwezi” mbele ya benchi? Afadhali ang'olewe jino bila ganzi.

— Iko hewani, — akasema. — Setilaiti ndiyo inayoitunza. Adhuhuri itapita juu yetu, naivuta.

Redio akatazama juu. Hata Gavana akatazama, na miwani yake. Latsouk hakutazama, alikaa tu, mikono katikati ya magoti, akiingoja adhuhuri ya Bingwa. Wakangoja. Kahawa ikanywewa, ikaongezwa.

Ndipo mwanamke mmoja mgeni, aliyeleta simu yake kuchajiwa na kuyasikia yote, akasema:

— Samahanini, ndugu zangu. Hizo pesa zilipita kwa nani?

— Kwa kampuni, dada, — Bingwa akajibu. — Mambo ya kitaalamu haya.

— Na kampuni ilipozipokea haikuandika?

Gavana akavua kofia, akaivaa tena.

— Wameandika, — akasema. — Ni sheria. Kila muamala wautunze, na mteja akitaka kuuona wamwonyeshe, makato na kila kitu. Tangazo limebandikwa pale kaunta kwao, kwa Kifaransa, nyuma ya kalenda.

— Wewe mzee umelisoma? — Redio akauliza.

— Nimelisoma.

— Sasa mbona wamemwambia yeye ndiye alete? — yule mgeni akauliza.

Gavana akavua miwani, akaipangusa.

Latsouk akasimama, akaichukua simu yake mikononi mwa Bingwa.

— Wamefunga, mwanangu, — Mama Sokhna akamwambia kwa sauti ya chini. — Wameshakwenda msikitini. Watafungua baada ya swala.

— Ningerudi kwao tangu asubuhi, — Latsouk akasema. Hakumtaja mtu.

Simu ikalia. Ni shemeji. Latsouk akaiweka sikioni, akageukia ukuta.

— Ndiyo, — akasema. Akasikiliza. — Amekata roho saa ngapi? Na mtoto?

Akasikiliza tena. Akarudi kukaa, taratibu, akishika benchi kwanza kama kipofu.

— Wanasemaje, kaka? — Bingwa akauliza.

— Wanasema pesa nisihangaike nazo tena.