Kucha za Sungura wa Esha

Nilikuwa nyuma ya mama mmoja na mzee kwenye kosta ya kwenda Ndanda. Mama alipakata kikapu, ndani mna sungura. Mzee wa pembeni yake aliona unga wa njano kwenye vidole vya mnyama.

"Umempaka salfa, mwanangu?"

"Kucha zilitoka damu nilipozikata jana, baba. Sikuwa na kingine." Msimu huu wa mikorosho nyumba hukosa sukari, salfa ya kuipulizia haikosi.

"Damu ya kucha huzuiwa kwa unga wa sembe. Tena unakata ncha tu. Ukimulika kwa tochi, mshipa unauona."

"Nilikata zote mpaka nyama. Mwanangu Esha ameungua moto, yuko wodini Ndanda. Niliogopa sungura atamkwaruza vidonda. Nimemwahidi leo atamshika, hata kama ni dirishani."

"Na tangu jana anailamba salfa? Itamdhuru. Mpeleke kwanza kwa bwana mifugo."

"Wauguzi wamenipigia, baba. Mtoto ameshasogezwa dirishani."

Mzee aliendelea kubisha. Mimi nilitazama kikapu. Gari liliruka matuta mawili, sungura hakushtuka; hata ubavu haukupanda kwa pumzi. Tuliposimama Ndanda, mama alimsimamisha sikio. Likalala. Akalisimamisha tena, akashuka akiwa amelishikilia.