Sista Oliva Nandonde: Miaka Thelathini na Minne ya Kutuvua Viatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Sista Oliva Nandonde, ambaye nusu ya Masasi inamwita Mama Godwin na nusu nyingine ikimwona inaficha soda, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi. Mimi, Joel Chilumba, nimekaa naye miaka saba katika kliniki ya kisukari ya kituo chetu. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama bosi wetu alivyonieleza bila kupepesa macho, hakuna mtumishi aliyemsumbua kama mimi.

Alianza kazi Newala mwaka 1991, kwenye zahanati ambayo maji yake yalifuatwa bondeni. Miguu ya wagonjwa aliiosha hivyo hivyo, kwa ndoo aliyojitwika mwenyewe, na mgonjwa aliyeipiga teke ndoo ile alishuka kuchota nyingine. Alipohamia Masasi alikuja na utaratibu wake kamili: siku ya kliniki viatu vinabaki mlangoni, kisha kila mtu ananyoosha miguu kwenye benchi, awe mkulima, mwalimu au kasisi.

Ni yeye pia aliyegundua kile tunachokiita sukari ya kliniki. Wagonjwa wetu walikuwa na mtindo wa kula mboga za majani siku mbili kabla ya kupimwa, wakapata namba nzuri, wakapongezwa, halafu wakapitia kwa muuza chapati kabla hawajafika barabarani. Sista Oliva akaanza kwenda na kipimo sokoni, ndani ya kikapu, chini ya nyanya. Wazee waliomzidi umri walimwamkia shikamoo kwa hofu tu, naye alikuwa anaitika marahaba huku ameshashika kidole.

Sasa nifike pale ninapopakwepa tangu nianze kuandika.

Mwezi Juni 2021 Sista alikuwa likizo, nami nikamwandikisha mgonjwa mpya, Mzee Nathanaeli wa Lisekese. Sukari yake ilikuwa juu, na dole gumba la mguu wa kushoto lilikuwa na kidonda kidogo. Nikaandika vyote hivyo kwenye kadi, kwa mwandiko mzuri. Julai kadi ikarudi, sukari 5.4. Nikakagua miguu, nikaikuta safi, nikaandika kwamba kidonda kimepona. Agosti, 5.2. Daktari akaamini nilichoandika, akapunguza vidonge nusu. Jamani, nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Sista Oliva naye alifurahi, akamsimamisha mzee mbele ya benchi awafundishe wenzake anachokula. Mzee akaeleza kwa uhuru mkubwa: ugali wa muhogo asubuhi na jioni, ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha katikati, chai ya sukari vijiko vinne, na msimu wa mabibo ukifika, pombe yake ya uraka kila Jumapili baada ya ibada. Sijawahi kuona somo la afya likisikilizwa kwa makini namna ile. Nilipojaribu kumkatiza, benchi zima lilinizomea.

Septemba benchi zima lilipanda. Mwenye 8 alikuja na 13, mwenye 11 alikuja na 17, na wote walisema wanafuata mafundisho. Mwalimu wao peke yake alibaki kwenye 5.3. Sista akavaa miwani, akainama mwenyewe kwenye mguu wa kushoto wa yule mzee, akaugeuza na kuugeuza. Hapakuwa na kovu wala alama. Akamwomba aonyeshe kidonda kilikuwa wapi, na mzee akanyoosha kidole kwenye mguu wa kulia.

Akakiri palepale. Yeye alikuwa Cuthbert, mdogo wake Nathanaeli, wamefanana kama sahani za seti moja, na hajawahi kuugua kisukari maishani. Kaka yake alikuwa anapulizia salfa kwenye mikorosho, na nyumbani waliogopa kwamba kadi ikikosa tarehe itafutwa. Kwa hiyo kidole kilichohitajika kilitoka kwa ndugu. Msimu wa kupulizia ulipoisha, Nathanaeli hakuja kwa sababu nyingine: dole lilikuwa limeanza kunuka, na aliogopa kukatwa.

Sista hakunitazama hata mara moja. Alichukua kipimo na bandeji, akapanda bodaboda, nami nikapanda nyingine nyuma yake. Tulimkuta mzee amekaa ukumbini, mguu umefichwa ndani ya buti la mvua siku ya jua kali. Sukari ilikuwa 24. Mzee hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama ataweza kutembea kanisani mwaka unaofuata, kumpeleka binti yake Glory madhabahuni. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Hospitalini walizungumza habari ya kukata chini ya goti. Sista aliwasihi waanze na dole, akaahidi kidonda kingine chochote kitakuwa juu yake. Wakakubali. Kwa miezi mitano tulikwenda Lisekese kila baada ya siku moja kusafisha mguu ule, mimi nikibeba ndoo. Cuthbert alipewa kazi ya kumpikia kaka yake, kwa kipimo cha kiganja, na ikamfanya apungue yeye kilo sita.

Agosti 2022 Mzee Nathanaeli alimpeleka Glory madhabahuni, polepole, katika viatu alivyochaguliwa na Sista. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, na nililia, sioni haya kusema.

Mama Godwin, asante kwa miguu yote iliyobaki mahali pake, na kwa kutonifukuza. Upumzike salama Newala, ule ming'oko kwa kiasi, na afya njema ikufuate kila uendako.

Sherehe itaanza saa nne asubuhi. Viatu vinabaki mlangoni, kwa mara ya mwisho. Mzee Nathanaeli ataleta zawadi ya wagonjwa. Nilimpigia simu kumuuliza kama atamtuma mdogo wake, akanijibu kwamba safari hii anakuja mwenyewe, na vidole vyake tisa.