Dereva wa Kipindi cha Kwanza

Mbele ya duka la kufulia nguo la Bi Mvuke, pale barabara ya maduka inapokutana na njia ya stesheni, kuna benchi la plastiki la samawati iliyopauka, na kando yake imesimama mashine ya vinywaji ambayo, tangu baridi ianze kubisha hodi, safu yake ya chini imejazwa kahawa ya moto ya makopo. Hapo ndipo tunapokaa kila Jumatano, marudio ya katuni ya Mashujaa Watano yakiisha kwenye televisheni ya mle ndani. Katuni yenyewe si ngumu kuielewa. Ufalme mmoja wa mbali umeelemewa na Mfalme wa Giza. Makuhani wake wanachora duara sakafuni, na vijana watano wa mji kama huu wetu wanajikuta wamenyakuliwa huku na kutua kule, wakakabidhiwa silaha na kuambiwa kuwa wao ndio mashujaa. Wa kwanza wao, Sogo, alinyakuliwa sekunde ileile aliyogongwa na lori.

Mimi nililihudumia hekalu la mtaa huu kwa miaka arobaini na saba kabla ya kumwachia mwanangu, na benchi limenipa jina la Kengele. Mizani alikuwa mkaguzi wa mchele katika ushirika, na hata leo haamini jambo asilolipima. Bi Mvuke ndiye mwenye duka, na pasi yake haijapoa tangu ujana wake. Wa nne ni Breki, ambaye kwao anaitwa Kuramochi Tatsuzo. Huyu aliendesha malori ya samaki kutoka Niigata hadi Tokyo kwa miaka arobaini na moja, na leseni yake ina ule mstari wa dhahabu wasioupata ila madereva wasio na kosa. Wazee wengine hutoa picha za wajukuu. Breki hutoa leseni.

Sasa ana miaka sabini na tisa, na Jumatano ninayoisimulia ilikuwa ya hukumu. Binti yake, Satsuki, alikuwa aje saa tisa na nusu ampeleke kituo cha polisi akairudishe leseni kabla dirisha halijafungwa saa kumi, kama wanavyofanya wazee wengi siku hizi. Breki alikuwa ameapa kwamba hairudishi. Tena, ili msomaji asiachwe nyuma, niongeze jambo moja: Alhamisi iliyotangulia, gari lilimgonga Jizo, sanamu ya jiwe ya mlinzi wa watoto na wasafiri, kwenye kona ya hekalu letu. Kichwa kilianguka, na bibu yake nyekundu, kile kitambaa cha kifuani alichofungwa shingoni kama mtoto, haikuonekana tena. Nilikirudisha kichwa kwa saruji. Hakuna aliyekuja kusema neno.

Bi Mvuke alitoka na kadi ya posta, kwa maana kituo cha televisheni husoma maoni ya watazamaji mwisho wa kila kipindi.

Bi Mvuke: Haya, nafasi ni mistari minane tu, semeni la maana. Tumepeleka kadi kumi na moja, hawajasoma hata moja.

Mizani: Andika ufalme ule ni wa wavivu. Jeshi wanalo, ngome wanayo, mchele umejaa ghalani. Nimeuona, daraja la kwanza ule. Halafu wanaita watoto wa shule waje kuwapigania.

Bi Mvuke: Si wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Mizani: Apone mafua, dada. Hawakusema vita.

Breki akainama mbele ya mashine, akaingiza mkono kwenye tundu la chini.

Breki: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mizani: Kila Jumatano hiyohiyo. Methali ile haihusu kahawa, bwana.

Breki: Inahusu nini sasa? Kopo liko chini, nimeinama, nimelipata. Methali zako zote hazijawahi kunipa hata maji.

Mizani: Bi Mvuke, andika pia kwamba Sogo ni mjinga. Kaambiwa, vita vimeisha, acha upanga hapa, mlango ufunguke urudi kwa mama yako. Kakataa.

Breki: Kakataa kiume. Walipomtaka walimpigia magoti. Sasa adui kanyamaza, wanamwambia lete upanga, asante sana, njia ile pale. Ningekuwa mimi ningekaa mlangoni na upanga wangu mapajani.

Mizani: Na wewe wako unaupeleka leo saa kumi.

Breki: Siupeleki.

Bi Mvuke: Satsuki keshaweka miadi, kaka.

Breki: Aliyeweka miadi aende yeye. Miaka arobaini na moja, Bi Mvuke, sijagonga hata paka. Theluji, ukungu, samaki wanaanza kunuka nyuma, usingizi umenikalia kwenye kope. Hata paka.

Mizani: Lakini wanakupa cheti. Bafu la maji moto nusu bei, na teksi wanakupunguzia.

Breki: Yaani nikae kwenye maji moto mpaka nilainike kama tambi. Ndiyo pensheni ya dereva hiyo?

Bi Mvuke alicheka kwa sauti yake ya mvuke, kisha akageuza kalamu kama mtu aliyekumbuka shtaka la zamani.

Bi Mvuke: Mimi ngoja niwaambie kitu. Lile lori ni la makuhani.

Mizani: Lori lipi?

Bi Mvuke: Lililomgonga Sogo. Hesabu mwenyewe, si wewe ndiye mtu wa mizani? Walioitwa ni watano, na watatu wamegongwa na lori, na kila mara lori jeupe. Bahati mbaya haibebi rangi ileile mara tatu. Dereva ni mtumishi wa ikulu, anatumwa.

Breki aliweka kopo lake kwenye benchi kabla hajalifungua.

Breki: Andika hivi. Dereva hana kosa. Mtoto alikuwa anatazama simu.

Mizani: Hakuwa na simu. Alikuwa anamwokoa mbwa.

Breki: Basi mwenye kosa ni mbwa.

Mizani: Sawa. Mbwa apelekwe mahakamani.

Breki: Mnacheka. Lori limebeba tani nane, lami imelowa. Mnajua linataka mita ngapi mpaka litulie? Hamjui. Na wenye katuni hawajui. Walitaka kitu kikubwa kimtoe mtoto duniani upesi, wakamwona dereva hana mtetezi, wakambebesha. Hana jina, hana uso. Taa mbili, kishindo, kisha tunaonyeshwa mawingu.

Mizani: Labda na yeye aliitwa huko.

Nina hakika Mizani alilisema hilo ili kumtuliza. Lakini neno likishatoka ni kama mpunga uliokwisha kumwagika, na Breki aliliokota punje kwa punje.

Breki: Sasa umesema. Kwa nini Mfalme wa Giza hajavua ile kofia ya chuma tangu mwanzo? Ni yeye. Dereva. Walimwita yeye kwanza, wakaona kumbe mzee, wakamtupa jangwani. Tazameni macho yake mekundu. Yule mtu hajalala tangu Niigata.

Bi Mvuke: Na wale farasi weusi?

Breki: Farasi sita. Magurudumu sita.

Mizani: Farasi ni wanane, bwana.

Breki: Akibeba mzigo wanakuwa wanane.

Bi Mvuke: Mungu wangu, mbona inaingia akilini.

Mizani: Haiingii popote. Mzee Kengele, tuamulie. Vitabu vyako vinasemaje?

Nikajibu kwamba katika maandiko niliyolelewa nayo zimo safari nyingi za kuvuka kwenda ng'ambo ya pili, na wengine walivuka kwa subira na wengine kwa rehema, lakini sikumbuki hata mmoja aliyevukishwa na lori.

Mizani: Ndiyo maana havina watazamaji.

Wakati huo mlango wa duka ulifunguka, akatoka Bi Minagi na kapu la mashuka yaliyokuwa bado na joto la mashine ya kukaushia. Mama huyu alihamia chumba cha juu ya duka la tambi wakati wa machipuko, na katuni hajawahi kuitazama hata siku moja. Alituamkia kwa adabu, akauliza tunagombania nini. Bi Mvuke akamsimulia: mtoto, mbwa, lori jeupe, duara la makuhani. Bi Minagi alisikiliza hadi mwisho, kapu likiwa nyongani.

Bi Minagi: Na yule dereva, alishuka kumwangalia mtoto?

Kipindi cha kwanza tumekitazama mara nne, na kila mara mtoto hupaa na nuru yake, nasi hupaa pamoja naye. Katika watu wazima wanne, hakuna aliyewahi kubaki barabarani.

Bi Mvuke: Hawakuonyesha.

Bi Minagi: Ah. Samahanini, nilidhani mnajua.

Akainamisha kichwa, akaenda zake na mashuka yake.

Breki akatia mkono ndani ya koti, upande wa moyo, mahali anapoweka leseni, akatoa kitambaa chekundu kilichokakamaa kwa tope. Akakilaza gotini.

Bi Mvuke: Hiyo bibu nimeishona mimi.

Breki: Najua. Niliikuta kwenye bampa ya pikapu yangu nikiwa nashusha kabichi. Alhamisi. Kengele, sikusikia kitu. Si kwamba nilisikia nikakimbia. Sikusikia.

Nikamwambia kwamba lile ni jiwe, na kichwa kimekwisha kushika, na Jizo amewahi kuona makubwa kuliko hayo.

Breki: Jiwe, ndiyo. Lina kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.

Mizani: Lakini hakuna aliyekuona, kaka. Leseni bado ina dhahabu yake.

Breki: Hiyo ndiyo inanikaba. Tangu Alhamisi kila nikiitoa kuitazama naona kama nimeiba ya mtu mwingine. Na juzi Satsuki ananiambia rudisha leseni, namjibu hata paka, baba yako hata paka, na bibu iko hapa kifuani inanisikiliza.

Breki akanyoosha mkono kwa Bi Mvuke.

Breki: Hiyo kadi mmeandika?

Bi Mvuke: Bado iko wazi.

Breki: Lete.

Akaiandika juu ya goti, polepole, akikandamiza kalamu kama mtu anayechonga. Alipomaliza aliilaza benchini kifudifudi, akasimama na kujifuta suruali.

Mizani: Unakwenda wapi? Ni saa tisa tu. Satsuki anakuja na gari.

Breki: Sipelekwi mimi. Yule Sogo kasukumwa, kavutwa, kaitwa, hata kiatu hakujivalisha. Mimi sijaitwa na mtu. Naenda kwa miguu yangu. Nampitia Jizo nimfunge bibu yake, nimwombe radhi. Halafu dirishani namwambia askari nilichogonga na siku niliyogonga, aandike. Nikishamaliza kusema ndipo nampa. Asidhani nimetishwa na uzee.

Bi Mvuke: Lakini si ulisema ungekaa mlangoni na upanga mapajani?

Breki: Nilisema. Sogo na akae nao, yeye hajamgonga mtu. Na lile punguzo la bafu waambieni sitaki.

Mizani: Basi niombee mimi.

Breki: Wewe zeeka kwanza.

Akaondoka, mgongo umenyooka kuliko nilivyouona mwaka mzima huu, bibu nyekundu mkononi. Kopo lake lilibaki benchini halijafunguliwa. Mizani akaenda kujinunulia jingine ili asilitamani lile, akabonyeza, na taa nyekundu zikawaka safu nzima ya chini: kahawa imekwisha.

Satsuki aliegesha saa tisa na nusu kamili. Alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Ilionekana hata alivyofunga mlango wa gari.

Satsuki: Baba yuko wapi? Amejificha ndani, Bi Mvuke?

Bi Mvuke: Hayumo.

Satsuki: Amekimbia.

Mizani: Amekwenda polisi, mwanangu. Kwa miguu. Usimfuate na gari, atakutukana.

Hakumwamini, na sikumlaumu. Bi Mvuke akampa ile kadi. Nafasi ya mistari minane ilikuwa na mistari miwili tu, nayo Satsuki aliisoma kwa sauti, kisha akaendelea kusoma hadi chini kabisa, mahali ambapo kituo humtaka kila mtazamaji ajitambulishe:

«Dereva wa kipindi cha kwanza, alishuka au hakushuka? Nijibuni. Mimi nashuka leo.

Jina: Kuramochi Tatsuzo. Umri: miaka sabini na tisa. Kazi: dereva, mpaka leo saa kumi.»